Baba, Wewe Si Chanzo

Ukitaka kumjua fundi cherehani huyu ambaye mtandaoni anaitwa Shangazi, anza na miluzi. Alikulia katika nyumba iliyopigiwa miluzi. Baba yake alikuwa refa, na zamani hizo, katika fainali ya kombe kati ya timu ya Juu na timu ya Chini, aliwapa Chini penalti dakika za mwisho. Chini wakafunga, wakabeba kombe. Watu wa Juu, yaani wale wanaokaa mitaa ya kilimani na kutazama mapaa ya wenzao, hawakumsamehe. Wakambandika jina la Bwana Penalti. Akiingia sokoni, mluzi. Akikaa kwa kinyozi na povu kidevuni, mluzi. Siku binti yake anafunga ndoa, bwana harusi ameshashika kalamu atie saini, mjinga mmoja nje ya dirisha akapiga mluzi mkali, na mzee wa watu, bila kujijua, akanyoosha mkono mbele kuonyesha alama ya penalti. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bibi harusi naye alicheka mpaka wanja ukamwagika, na machozi yale hayakuwa ya kicheko yote.

Mzee mwenyewe hakuwahi kujitetea. Hakuwa mtu wa maneno. "Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye mpira," ndivyo alivyokuwa akisema nyumbani mara moja moja, halafu anazungusha kitufe cha redio kutafuta stesheni nyingine. Baadaye, maneno ya hongo yalipoanza kuzagaa mitaani, hata hilo akaacha kulisema.

Binti akajiapiza kwamba yeye hatahukumu mtu maisha yake yote. Aliona mwamuzi anavyorushiwa mawe, na aliona wanaorusha ndio hao hao wanaokuja kesho kuomba chumvi. Akajifunza kushona. Chumba chake cha kazi kipo kati ya duka la dawa na duka la viatu: cherehani mbili, kioo kilichomeguka pembe moja, pasi, chaki, na sare za shule zimening'inia ukutani zikisubiri wenyewe. Lakini kuhukumu ni kama vumbi la kitambaa, utafagia na bado litakuingia puani. Kwa fundi cherehani ndiko familia huletea ugomvi wao ukiwa bado wa moto.

Kwa mfano, alikuja mama na binti yake na kitambaa cha gauni la mahafali. Mama anataka lipite magoti, binti anataka lisifike. Walianza kwa sauti za chini, wakamaliza wakisikika mpaka duka la dawa. Shangazi akaweka mkasi juu ya meza, akaufunika kwa kiganja.

"Mkasi chini," alisema. "Sikati kitu. Mama, hebu niambie binti yako anataka nini."

"Anataka kunitia aibu."

"Binti, hapo amekusema?"

"Hata kidogo!"

"Basi rudia, mama yangu. Hatuna haraka."

Mama alirudia, akakosea tena, akanuna, akaangalia nje. Mwishowe akasema, "Anataka avae kama wenzake. Hataki awe yeye peke yake amevaa kama mwalimu mkuu."

"Hapo umenisema," binti alijibu kwa sauti ndogo. Ikaja zamu yake, naye akasema mama anaogopa watu watanong'ona kwamba hakumlea. Mama akatafuta leso. Gauni likaishia pale pale kwenye magoti, na mpaka leo ukiwauliza nani alishinda, kila mmoja atakwambia ni yeye.

Hiyo ndiyo kanuni yake. Hapiti katikati akasema wewe una haki, wewe huna. Anauweka mkasi chini, na kila mtu lazima aseme neno la mwenzake mpaka mwenzake akiri kwa mdomo wake kwamba hapo umenisema. Baada ya hapo ndipo kitambaa kinakatwa.

Mtandaoni aliingia kwa hasira. Aliteguka kifundo cha mguu, akakaa kitako hawezi kukanyaga pedali, na kwa kukosa la kufanya akafungua kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo kila mtu anaweza kuandika na kila mtu anaweza kumsahihisha mwenzake, bila mshahara wala cheo. Makala ya cherehani ilikuwa na mistari ya kuhesabika, na ilisema sindano yake ina tundu nyuma kama sindano ya mkono. Damu ikamchemka. Akarekebisha: tundu liko mbele, kwenye ncha. Kabla chai haijapoa, mtu akatengua alichoandika na kuacha maneno mawili: "Hakuna chanzo."

"Chanzo ni mimi!" aliandika. "Nimeshona maisha yangu yote!"

"Hongera," akajibiwa. "Lakini wewe si chanzo. Lete kitabu."

Alitukana simu ile hadi mume wake akaja kuchungulia kama kuna mgeni. Kisha akakumbuka kijitabu kilichokuja na cherehani, akanukuu ukurasa, na sentensi yake ikabaki. Kitu fulani kilimkaa moyoni. Huko, hata mtu mwenye haki lazima aonyeshe alikoitoa. Hapigiwi mluzi, haaminiwi kwa sura, wala hakataliwi kwa sura. Tangu siku hiyo hakutoka tena.

Akaandika habari za vitambaa, za rangi, za vifungo. Taratibu wakaanza kumwita pale watu wanapogombana, maana huko wanagombana haswa. Watu wazima wenye heshima zao, wenye wajukuu, wanatoana roho juu ya kama nyanya ni tunda au mboga. Mmoja anaandika, mwingine anatengua, wa kwanza anarudisha, mpaka ukurasa unakuwa uwanja wa masumbwi. Shangazi anaingia kwenye ukurasa wa majadiliano, anaandika "Mkasi chini", na kazi inaanza. Wakampa ukabidhi, yaani funguo za kufunga na kufungua kurasa. Mtaani hakuna aliyejua. Mdogo wake wa kiume, dereva wa gari la mikate, alidhani dada yake anacheza michezo ya simu.

Basi uwanja wa mpira wa mji ule ulifungwa muda mrefu kwa matengenezo, na ulipokaribia kufunguliwa, kamati ikaamua filimbi ya kwanza ipulizwe na refa mkongwe kuliko wote walio hai. Huyo alikuwa Bwana Penalti. Katibu wa kamati alikuja mwenyewe nyumbani kwa mzee, akaamkia, akakaa, akanywa maji, akasema ombi lake. Mzee aliitikia kwa kichwa tu. Lakini katibu alipoondoka, alitoa kabatini sare yake nyeusi ya zamani, akaenda nayo mpaka kwa binti yake.

"Ipunguze kiuno," alisema. "Na kola ina kijitundu, kiangalie."

Binti alimpima huku ameficha uso. Alikuwa hajamwona baba yake amesimama wima namna ile tangu yeye ni mtoto.

Sare ilikuwa bado iko chini ya sindano simu ilipoita. Katibu aliongea kwa adabu nyingi, na adabu nyingi si dalili nzuri. Wajumbe, alisema, walitaka kuandaa maelezo mafupi ya kusoma siku hiyo, wakafungua kamusi elezo ya mtandaoni, makala ya fainali ile. Imeandikwa pale kwamba refa alihongwa na timu ya Chini. Na chini yake kuna namba ya rejeo, gazeti kabisa. Kamati haisemi ni kweli. Kamati inasema tu haitaki vurugu siku ya sherehe. "Mzee atuwie radhi. Wenyewe wa mtandao wakikubaliana kwamba si kweli, nafasi bado ni yake. Wasipokubaliana kabla ya ufunguzi, tutamtafuta mwingine."

Mzee alisikia kila kitu, maana binti alikuwa ameweka spika. Akavua tepu ya kupimia iliyokuwa bado shingoni mwake, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Afadhali angefoka.

Shangazi akafungua makala. Ilikuwa imefungwa kwa sababu ya ugomvi. Watu wawili walikuwa wanaigombania: mmoja anajiita Mwewe, shabiki wa Juu wa kufa na kuzikana, anaandika refa alihongwa, mwingine anajiita Msumari, shabiki wa Chini asiyepindika, anafuta. Mwewe anarudisha, Msumari anafuta. Matusi yao yalikuwa ya kisomi lakini yalikuwa matusi. Na chini kabisa, mkabidhi mwingine ameandika kwamba wawili hao wanahitaji msuluhishi, na kwamba wote wamekubali jina moja tu: Shangazi.

Mdogo wake alikuwa amepita kuacha mkate. Akasoma juu ya bega lake.

"Dada, si una funguo?"

"Ninazo."

"Futa basi! Futa, funga, tupa ufunguo. Umemaliza kazi, Baba anavaa kaptula, tunaenda uwanjani."

Naomba usimwone mdogo mtu mjinga. Kidole cha Shangazi kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe. Miluzi yote ya utoto wake ilikuwa kwenye kidole kile: ya sokoni, ya kwa kinyozi, ya harusini. Angebonyeza, sentensi ingetoweka, na kwa siku kadhaa hakuna ambaye angejua.

"Nikifuta mimi," alisema, akaondoa mkono, "watu wa Juu watasema refa amerudi na safari hii amemleta binti yake ashike kibendera. Na watakuwa na haki."

"Haki gani?" Mzee alidakia kutoka kwenye kiti. "Mimi si nipo hai? Waambie waniulize mimi! Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye mpira!"

"Baba, wewe si chanzo."

Mzee akasogea mpaka ukingoni mwa kiti.

"Nilikuwa pale," alisema mzee polepole, kama anayemfafanulia mtoto. "Filimbi ilikuwa mdomoni mwangu. Halafu mimi si chanzo?"

"Hata mimi nilikataliwa, Baba. Na sindano nilikuwa nayo mkononi. Mtu akijisemea mwenyewe haihesabiki. Lazima awe mtu mwingine, tena iwe imechapishwa."

"Basi hiyo kamusi yenu haina akili."

"Labda," alisema binti. "Lakini hiyo ndiyo itakayokutetea, kama utateteka."

Kisha akapiga moyo konde, akaandika kwenye ukurasa wa majadiliano: "Ndugu zangu, nina jambo la kusema kabla hatujaanza. Refa huyo ni baba yangu mzazi. Siwezi kuwa msuluhishi wenu."

Mwewe ndiye aliyewahi kujibu. "Kumbe! Sasa tumejua." Msumari akafuata: "Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Mwewe. Shangazi aondoke." Ndiyo, maadui wale walipatana kwa sababu yake, na walipatana katika kumfukuza.

Akaondoka, lakini aliwaachia kanuni. "Mkasi chini," aliandika. "Mwewe aeleze upande wa Msumari, mpaka Msumari aseme hapo umenisema. Msumari afanye vivyo hivyo. Kila mmoja amtafutie mwenzake ushahidi bora kuliko ambao mwenzake amejitafutia. Mkimaliza, mkabidhi mwingine atafungua ukurasa. Mimi sitaandika tena hapa hata nukta." Akaweka simu kwenye droo ya vifungo, akarudi kwenye sare nyeusi. Kila baada ya pindo moja aliifungua droo, akasoma, akaifunga.

Mwanzo ulikuwa wa aibu. Mwewe aliandika: "Msumari anasema refa ni malaika, kwa sababu timu yake ndiyo ilinufaika."

"Hapo hujanisema," akajibu Msumari.

"Msumari anasema watu wa Juu ni waongo."

"Hapo pia. Ingawa umekaribia."

Shangazi alitamani kuingia amfinye mtu. Mwewe akanyamaza mchana kutwa, kisha akarudi na sentensi hii: "Msumari anasema hatuwezi kuandika kwamba mtu alikula hongo kama hakuna aliyeiona hongo, aliyeshtaki wala aliyehukumu. Anasema angesema hivyo hata kama refa angeinyima Chini kombe."

"Hapo umenisema," aliandika Msumari. "Ahsante."

Zamu ya Msumari. Ni vizuri ujue sasa, ingawa Shangazi mwenyewe alikuja kujua baadaye, kwamba Msumari hakuwa kijana mkorofi kama wote walivyodhani. Alikuwa bibi, mkutubi mstaafu, mwenye miwani ya kamba. Aliandika: "Mwewe anasema beki wa Juu hakuushika mpira. Penalti ilitoka hewani, na mtu hapulizi kitu cha hewani bila sababu. Anasema watu wa Juu walinyang'anywa, na kila wakilisema wanaambiwa wana wivu."

"Hapo umenisema," Mwewe alijibu. Akaongeza mstari mwingine ambao hakuna aliyemwomba: "Siku ile baba yangu alirudi nyumbani akakaa jikoni akalia. Nilikuwa mdogo, nilimwona."

Sasa ikabaki kazi ya kutafutiana ushahidi, na hapo mkutubi alikuwa nyumbani kwake. Alilichukua lile rejeo la gazeti, aliimarishe kwa ajili ya adui yake kama kanuni ilivyosema. Akatazama tarehe. Akatazama historia ya ukurasa, inayohifadhi kila neno na siku lilipoandikwa. Akarudi na jibu lililoandikwa kwa upole usio wa kawaida yake.

"Mwewe, nimejitahidi kukusaidia. Safu hii ya gazeti ilitoka baada ya sentensi yako, si kabla. Mwandishi ameinakili kutoka hapa hapa kwetu, neno kwa neno. Halafu wewe ukalichukua gazeti kuwa chanzo cha sentensi yako. Gazeti lilichota kisimani kwetu, na sisi tukaenda kununua maji kwa gazeti. Naomba uniambie, kabla ya hapo wewe uliyapata wapi?"

Siku ikapita na nyingine. Shangazi alimaliza kiuno cha sare, akamaliza kola, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Mzee alikuja, akaigusa, hakuuliza habari. Upande wa pili wa mji mafundi walikuwa wanapaka rangi majukwaa. Mdogo wake alipita na mkate, akatazama sare, akatazama dada yake, na kwa mara ya kwanza hakusema futa.

Mwishowe Mwewe akaandika. Aliandika neno moja kwanza: "Kinyozi." Kisha: "Nilisikia kwa kinyozi. Wajomba walikuwa wanaongea. Nimejiuliza sana, sina kwingine." Na baada ya hapo: "Lakini bado nina deni la kukutafutia wewe ushahidi, Msumari. Magazeti ya zamani yako wapi?"

Msumari akamwelekeza maktaba, ghorofa ya chini kabisa, rafu za nyuma, na akamwambia amsalimie mlinzi.

Mwewe ni fundi wa lifti, mtu mrefu mwenye mikono ya grisi isiyotoka. Alikwenda saa za chakula, na sare yake ya kazi, akapekua majalada ya mwaka wa fainali. Akaipata habari ya mchezo, haikusema mengi. Akageuza kurasa mpaka gazeti la wiki iliyofuata. Nyuma kabisa, kwenye kona, chini ya tangazo la baiskeli, kulikuwa na mahojiano mafupi na beki wa Juu. Beki alisema: "Mpira ulinigonga mkononi, na mkono niliupeleka mwenyewe. Nilitumaini refa hajaona. Aliona. Sina la kumlaumu."

Nataka usimame hapo kidogo, msomaji, umtazame mtu huyu. Yuko peke yake kwenye chumba cha chini, gazeti mbele yake. Hakuna anayejua alichosoma. Watu wa Juu hawakutaka kuisoma kona ile wakati ule, na angeweza kugeuza ukurasa kama wao, akarudi kusema hakupata kitu, na penalti ingebaki ya hewani mpaka mwisho wa dunia. Tena alikuwa na sababu. Mimi ningekuwa yeye, sijui. Nasema kweli, sijui.

Alipiga picha ukurasa ule. Akaandika kwenye majadiliano, akaweka nukuu yote, tarehe, jina la gazeti na ukurasa. Chini yake akaandika: "Na mimi nina jambo la kusema, ambalo ningepaswa kulisema mwanzo kama Shangazi alivyolisema. Beki huyu ni marehemu baba yangu. Hakunificha, aliliambia gazeti. Mimi ndiye sikumuuliza alikuwa analia nini. Kwa hiyo na mimi natoka. Msumari, andika wewe. Ninakuamini."

Shangazi alisoma hayo akiwa amesimama, mteja mbele yake na mkono mmoja wa blauzi. Akakaa chini. Akalia kwa sauti, bila haya, mpaka mteja akadhani blauzi imeungua.

Msumari hakutaka kuandika peke yake. Alileta sentensi zake kwenye majadiliano kwanza, na Mwewe akaziitikia moja moja. "Dakika za mwisho, refa alitoa penalti baada ya beki wa Juu kuushika mpira kwa mkono ndani ya eneo la hatari. Beki huyo alikiri hivyo kwa gazeti wiki iliyofuata." Hongo ikaondoka, na rejeo lake likaondoka nalo. Mkabidhi mwingine akaja, akasoma majadiliano kutoka juu mpaka chini, akafungua ukurasa, akaandika maneno mawili: "Mkasi juu."

Katibu alipiga simu mwenyewe. Safari hii hakuwa na adabu nyingi, alikuwa na furaha. "Mzee yupo? Mwambie tunamsubiri!" Mzee aliivaa sare pale pale dukani, kwenye kioo kilichomeguka pembe. Ilimkaa utadhani ameshonewa jana. Mdogo mtu alileta gari la mikate, limefagiliwa, na familia nzima ikaingia nyuma, wanawake juu ya kreti, ikanukia mkate mpaka uwanjani.

Uwanja ulijaa pomoni. Jukwaa la Juu upande huu, la Chini upande ule. Mzee alitembea mpaka katikati peke yake, taratibu, filimbi imening'inia kifuani. Na pale pale, kutoka jukwaa la Juu, mtu mmoja akapiga mluzi. Mluzi ule ule. Wengine wakadakia, na wengine, mpaka jukwaa zima likawa linalia. Shangazi akashika mkono wa mdogo wake akaubana.

Mzee akasimama. Akaligeukia jukwaa la Juu. Akainua mkono, polepole, safari hii akijua kabisa anachofanya, na akaonyesha alama ya penalti.

Uwanja ukalipuka. Juu walicheka mpaka wakashikana mabega, Chini walicheka, na kicheko kikageuka makofi, na makofi hayakutaka kwisha. Watu wa Juu walikuwa wamesimama wote. Mzee akangoja, akiwa amesimama wima, mpaka akaridhika. Kisha akapuliza filimbi, na sauti yake ilikuwa bado kali kiasi kwamba mtoto jukwaani alianguka kitako.

Baada ya mchezo walikuja watu kumpa mkono. Katikati yao akaja mtu mrefu mwenye grisi kwenye kucha, na bibi mmoja wa miwani ya kamba akiwa amemshika kiwiko kama mama na mwanawe.

"Shikamoo, mzee," alisema yule mrefu. "Mimi ni mtoto wa beki."

Mzee alimtazama usoni muda mrefu, akimtafuta mtu mwingine humo ndani. "Marahaba, mwanangu," alisema. Akamshika mkono, akaushikilia. "Baba yako alicheza vizuri siku ile. Na ulikuwa mkono wa kushoto."

"Gazeti halikusema ni mkono gani," alisema Mwewe.

"Wa kushoto. Nilikuwa hatua mbili tu."

Mwewe na mkutubi wakatazamana, na wote wawili wakamgeukia Shangazi kwa pamoja, kama watoto wanaoomba ruhusa. Akatikisa kichwa.

"Hatuwezi kuiandika," alisema. "Baba, wewe si chanzo."

Mzee akacheka kicheko ambacho binti yake hakuwa amekisikia tangu utotoni. Lakini palikuwa na mwandishi wa gazeti amesimama pembeni, kinasa sauti mkononi, anangoja nafasi. "Samahani, mzee," aliuliza. "Umesema mkono gani?"

Habari ilitoka asubuhi, na picha ya mzee amenyoosha mkono. Mkutubi hakusubiri hata kifungua kinywa kuiingiza kwenye makala. Shangazi alipofika dukani, baba yake alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha wateja, na gazeti limekunjwa magotini. Binti alifungua simu, akaikuta sentensi ile ile ya penalti, imeongezwa neno, na mbele yake namba ndogo ya rejeo jipya, lenye jina la baba yake mzazi.

"Soma," alisema mzee.

Akamsomea.

"Soma tena, hapo kwenye mkono."

"'Kwa mkono wa kushoto,'" alisoma Shangazi. "Rejeo ni wewe, Baba."

Mzee akanyoosha miguu, akavuta hewa, akaomba chai.